Kifuniko cha Kisimba

Trekta ya akina mama wa kikundi cha Tujaribu ilikuwa na mwili wa mashini moja na moyo wa mashini nyingine, na mtu yeyote mwenye masikio alilijua hilo kabla hajaiona. Mwili ulikuwa wa zamani, mwekundu uliopauka hadi ukafanana na tofali, masalio ya shamba la Mzungu mmoja aliyeondoka upande wa Lubudi bila kuaga. Moyo ulitoka shimoni. Ilikuwa injini ya pampu, zile za kuvuta maji kwenye mashimo ya vijana wanaochimba shaba karibu na Kolwezi. Kisimba fundi ndiye aliyeifunga pale, kwa vyuma alivyochomelea mwenyewe, na tangu siku hiyo boneti ikakataa kufunga. Akaibana kwa mpira wa tairi. Trekta ikitembea, boneti ilipigapiga kama mdomo wa mtu mwenye malalamiko, ndiyo maana akina mama wakaiita Mama Mkwe.

Jina hilo lilitoka kwa Fidélie. Majina mengi ya pale yalitoka kwake. Alikuwa mjane, mzee, meno yamebaki upande mmoja tu, na alipocheka aliziba mdomo kwa kiganja kama msichana aliyeiba sukari.

Fidélie alikuwa wa ukoo wa Chui. Kisimba na dada yake Angèle walikuwa wa ukoo wa Mbuzi. Kwa watu wa huko maneno hayo yanatosha: Chui na Mbuzi ni watani tangu mababu, na mtani hakasirikiwi. Ataingia jikoni kwako, afunue sufuria, ale, kisha aseme chumvi haitoshi. Atakuvua kofia mbele ya padri. Na siku ya msiba yeye ndiye anayeingia matangani amevaa suruali ya marehemu, anamwigiza alivyotembea, mpaka wafiwa wacheke na machozi yao. Kuna sharti moja tu, nalo halisemwi kwa kuwa kila mtu analijua. Kitu alichokificha mtani lazima kitoke hadharani kabla hakijamtia mwenzake hasarani. Hasara ikiingia na kitu bado kimefichwa, huo si utani tena. Una jina lingine, na kikongwe mjane hapendi kusikia jina hilo likitajwa karibu na mlango wake.

Injini yenyewe ilikuwa na historia. Dodo, mwana wa Angèle, ndiye aliyekuwa akiiendesha ile pampu. Siku moja alishuka shimoni kufungua bomba lililoziba, na udongo ukamfunika. Hawakumtoa. Wenzake hawakuwa na cha kumpa mama yake, hata maiti, basi wakamletea pampu. Ikakaa nyuma ya nyumba chini ya turubai, Angèle akipita pembeni yake kila akienda kuchota maji, hadi Kisimba aliposema: "Dada, hii kitu italala hapa mupaka lini? Acha ilime. Dodo alipenda kula." Angèle akakubali.

Neno hilo la kupenda kula lilitoka kwa Fidélie. Kwenye matanga ndiye aliyevaa kofia ya Dodo, akashika sahani tupu ya ugali, akazunguka kati ya akina mama akiiga sauti yake: "Mama, bukari imebaki? Kidogo tu. Ya kufungia tumbo." Angèle, ambaye alikuwa hajatoa sauti tangu habari imfikie, alicheka mara moja, cheko kama kikohozi, na hapo ndipo kilio kilipotoka. Baada ya siku hiyo hao wawili hawakuachana. Walitukanana asubuhi na jioni.

Sasa basi, kifuniko.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaugusa udongo, Mama Mkwe alikuwa amelima upande wa barabara vizuri, na Kisimba alikuwa amekaa kwenye kivuli cha kichuguu kikubwa katikati ya shamba, sahani ya bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo, magotini, anajisifu. Masikio yake yalikuwa yameliwa na mashini siku nyingi, kwa hiyo alijisifu kwa kupiga kelele.

"Mi najua kila kitu mu hii trekta!" alisema. "Kila kichuma ni mutoto wangu. Ukigusa moja tu, hata niko nalala, nitajua!"

"Na batoto ba kwako nyumbani, unabajua bote?" aliuliza Fidélie. "Ju ule wa mwisho, tunaonaga tu pua yake, tunanyamaza."

Akina mama wakaangua kicheko. Myriam, mwenyekiti wa kikundi, mtu wa heshima aliyekuwa akisoma somo kanisani, ikabidi ageukie upande mwingine. Kisimba mwenyewe alicheka hadi sombe likamtoka mdomoni. "Chui, utakufa vibaya," alisema.

Hapo ndipo shetani wa mzaha alipomnong'oneza Fidélie. Tangi la mafuta lilikuwa lile la chuma lililokuja na pampu, na kifuniko chake cha asili kilibaki shimoni. Kisimba alikuwa ameweka kifuniko cha manjano cha bidoni, lile dumu la plastiki, akakikaza na duara la mpira wa baiskeli. Fidélie alikuwa na bidoni ya mafuta ya ngazi, yaani mawese, nyumbani, kifuniko chake ni kilekile, manjano ileile. Kesho yake, watu wakiwa wanakula, alizunguka nyuma ya trekta kama anayetafuta mahali pa kujisaidia. Akakichukua kifuniko, yule mtoto wa Kisimba, akaweka chake. Akakipaka udongo kidogo kisionekane kigeni. Cha Kisimba akakifunga kwenye pindo la kitenge. Jumapili, baada ya misa, kikundi kikikaa, angemwambia fundi ahesabu watoto wake mbele ya watu wote, kisha angekitoa kifuniko na kuuliza: na huyu, baba yake nani?

Alikuwa ameshaanza kucheka peke yake njiani.

Siku hiyohiyo Mama Mkwe alikufa katikati ya shamba.

Hakufa ghafla. Kwanza sauti ilishuka. Injini ikaanza kukohoa, ikapanda kidogo, ikashuka tena, kama mtu anayetafuta pumzi, kisha kimya. Kisimba akaruka chini. Akafungua tangi, akachovya kijiti kuona mafuta ya mazutu yamefika wapi, yalikuwepo. Akafungua chujio, akaliosha, akafyonza mpira kwa mdomo, akatema, akatoa hewa kwenye pampu ndogo ya mafuta, akawasha. Ikawaka! Akina mama wakapiga vigelegele. Mama Mkwe akafika kwenye kichuguu, akapinda, na alipoanza kurudi sauti ikashuka, akakohoa, akanyamaza.

Ikawa hivyo. Kila mara Kisimba alianza kwa kijiti, kisha akafungua kitu, akasafisha, akafunga, mashini ikawaka, na kila mara akaamini amekipata chenye ugonjwa. Leo chujio. Kesho bomba. Keshokutwa sindano za mafuta, akizipanga juu ya gunia kama mtu anayeuza samaki. Udongo uliolainishwa na mvua ulikuwa umeanza kuota majani, na upande wa pili wa shamba haujaguswa. Akina mama walioshika mbegu walianza kuzirudisha nyumbani.

Fidélie hakuona uhusiano wowote. Kifuniko ni kifuniko. Alichokiona ni kwamba mzaha wake umekosa nafasi, maana nani atacheka na trekta imekufa? Jumapili ikapita, akanyamaza. Akajisemea ataungoja wakati mzuri.

Lakini maneno yakaanza.

"Ni motere ya shimo," alisema mmoja, akiinyoshea injini kidole.

"Kitu kimezika mutu, unakileta mu shamba ya byakula?" alisema mwingine.

Walisema wakimwangalia Kisimba. Yeye hakusikia vizuri, ila macho yao aliyasikia. Akaacha kula na watu. Akawa anakula amesimama upande wa pili wa gurudumu.

Angèle yeye alisikiliza. Injini ilipoanza kushuka sauti, aliacha jembe, akaja kusimama karibu, shingo imeinama upande mmoja. Ilipokohoa, naye alikohoa. Ilipotafuta pumzi, midomo yake ilifunguka. Na siku moja, ilipozima, watu wote walimsikia akisema taratibu, kama anayemwamsha mtu: "Dodo."

Kicheko cha Fidélie kilikauka siku hiyo.

Alikuwa karibu na tangi Kisimba alipokuja tena na kijiti chake. Fundi akakizungusha kifuniko, na kabla hakijatoka chote kikafanya *fyuuu*, sauti ndogo, ndefu, kama mtu aliyeibuka majini baada ya kuzama. Kisimba hakuisikia. Masikio yake hayakuwa na nafasi ya vitu vidogo. Fidélie aliisikia.

Akaenda nyuma ya kichuguu. Akafungua pindo la kitenge, akakitoa kifuniko cha Kisimba, akakiinua juu. Katikati kulikuwa na tundu la msumari. Alikuwa amelala na kitu hicho kiunoni siku zote hizo na hakuwahi kukitazama. Kupitia lile tundu aliona mbingu.

Hakuhitaji kuwa fundi. Kama bidoni ya mafuta ya ngazi: ukifungulia bomba la chini bila kulegeza kifuniko cha juu, mafuta yanadondoka, yanadondoka, kisha yanagoma. Alijua hivyo tangu alipokuwa msichana. Kila mara Kisimba alifungua tangi kwa ajili ya kijiti, trekta ilivuta pumzi. Kila mara alifunga, ilianza kufa upya. Na aliyekuwa ameiziba pua ni yeye.

Ilikuwa kazi rahisi. Arudi, abadilishe vifuniko, anyamaze. Kisimba angeamini kwamba hatimaye amekipata kile chenye ugonjwa, na maisha yangeendelea. Fidélie alisubiri watu waende kula, akatembea hadi kwenye trekta, kifuniko kimebanwa kiganjani, jasho likikilowesha.

Angèle alikuwa amekaa chini, mgongo umeegemea gurudumu, mkono mmoja juu ya chuma cha injini kilichokuwa bado cha moto.

"Chui," alisema. "Ikala."

Fidélie akakaa.

"Njo vile alikuwa nafanya. Ile siku. Eko naomba pumzi kule chini, na hakuna mutu wa kufungua." Akamgeukia. "We ulivala kofia yake. We ulishika sauti yake mupaka mi nikacheka. Uniambie kweli. Ile sauti ni yake?"

Hapo ndipo mambo yangeweza kuisha. Neno lilikuwa mdomoni. Kifuniko kilikuwa mkononi. Lakini Fidélie aliwaza: nikisema, nitakuwa mtu aliyekificha kitu, watu wakapata hasara, na mama huyu akamsikia mwanawe akifa kila siku kwa sababu yangu. Akaliwaza lile jina lingine. Akauwaza mlango wake. Na yeye, ambaye hakuwahi kukosa jibu tangu azaliwe, akasikia kinywa chake kikitoa jibu dogo kuliko yote.

"Inafanana," alisema.

Angèle akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa akikisubiri kwa muda mrefu. "Asante," alisema. "Basi nitamurudishia."

Aliwaambia wote jioni ile kabla hawajatawanyika. Injini irudi shimoni. Ishushwe palepale udongo ulipoangukia, Dodo apate chake, atulie. Myriam alisita, akasema kitu kuhusu Mungu na kitu kuhusu mahindi, lakini alipomwangalia Angèle usoni akanyamaza. Kisimba alielezwa kwa mdomo kusogezwa hadi sikioni. Mzee yule akavua kofia, akajifuta paji la uso, akasema: "Mi njo nimekosa. Mi njo niliiletaka hapa." Akasema kesho ataifungua. Na akina mama wakakubaliana kimoyomoyo, bila mkutano, kwamba msimu ujao watatafuta fundi mwingine.

Fidélie hakula. Aliweka bukari mbele yake ikaganda. Kila alipofumba macho alisikia *fyuuu*.

Asubuhi wingu lilikuwa limeshuka chini. Mkokoteni ulikuwa umeletwa hadi kwenye kichuguu, na Kisimba alikuwa amelala kifudifudi juu ya Mama Mkwe na spana yake, boneti imewekwa majanini. Boliti ya kwanza ilikuwa imelegea tayari. Angèle alikuwa amevaa kitenge cha misa. Mkononi alishika kofia ya Dodo. Ilikuwa iende pamoja na injini.

Fidélie alifika amechelewa. Njia nzima alikuwa amejitayarishia namna ya kulisema kwa mzaha, kwa sababu namna nyingine alikuwa haijui. Akasimama mbele ya trekta, akaweka mikono kiunoni.

"Kisimba!" alipiga kelele. "Hesabu batoto bako!"

"Chui, leo hapana," alisema Myriam.

"Ahesabu! Alisema anabajua bote!"

Hakuna aliyecheka. Sauti yake mwenyewe ilimrudia kutoka kwenye kichuguu, nyembamba, ya kizee. Akafungua pindo. Fundo likagoma, ikabidi atumie meno ya upande ule uliobaki nayo. Akakitoa kifuniko, akakiweka juu ya injini, kando ya spana.

"Huyu ni wako," alisema. "Ule wa pale juu ya tangi ni wangu, wa mafuta ya ngazi. Nilibadilisha. Ilikuwa ya kuchekesha. Wa kwangu haina tundu. Mashini inakosa hewa. Hakuna kitu ingine. Ni hiyo tu, tangu siku ya kwanza."

Akina mama walitazamana. Kisha nyuma mtu akalitaja lile jina, si kwa sauti, lakini lilitajwa: bulozi. Myriam akapiga ishara ya msalaba.

Kisimba alikuwa amesikia nusu tu. Akakichukua kifuniko, akakigeuza, akachungulia tundu. Akapanda hadi kwenye tangi. Alipokizungusha cha Fidélie, akaweka kiganja juu yake, na safari hii aliihisi ile pumzi kwa ngozi. Kisha akafunga cha kwake, akaikaza boliti aliyoilegeza, akawasha.

Mama Mkwe alilima hadi kwenye kichuguu. Akakizunguka. Akalima hadi mwisho wa shamba ambako hakuna aliyewahi kumfikisha tangu balaa lile lianze, akapinda, akarudi, akaenda tena. Sauti haikushuka. Hakuna aliyepiga vigelegele. Walisimama wakasikiliza injini ikifanya kazi yake tu, kama injini, bila sauti ya mtu ndani yake.

Angèle alitembea nyuma ya jembe, miguu mitupu ndani ya mfereji mpya, kofia mkononi. Alienda nayo hadi kule, akarudi nayo. Alipofika mbele ya Fidélie akasimama.

"Uliniambia inafanana."

"Nilikuambia."

"Na ulikuwa nacho mukononi."

"Kilikuwa mukononi."

"Kwa hiyo haikuwa yeye."

Fidélie alijaribu kusema kwa upole, lakini hakuna namna ya upole ya neno hilo. "Haikuwa yeye."

Angèle akaitazama kofia. "Mi nilikuwa nimeanza kumuaga," alisema. "Mara ya kwanza sikumuaga. Hii nilikuwa namuaga."

Hakuna mtu aliyemgusa Fidélie. Kisimba ndiye aliyemkinga, alizima mashini, akashuka, akawapigia wote kelele za mtu asiyesikia: "Ni utani! Umechelewa, umeoza, unanuka, lakini ni utani! Mi njo mwenye hasara, mi sijakasirika!" Kisha akamgeukia: "Chui mujinga." Na Fidélie alitaka kumbusu mikono kwa tusi hilo.

Kwa maana tusi alilolihitaji zaidi, la Angèle, halikuja. Angèle alikunja magoti kidogo, kama mtu anavyomsalimu mama mkwe wake au mke wa mchungaji, akasema: "Asante kwa kusema, mama Fidélie." Akaenda zake.

Ndivyo ilivyokuwa kuanzia hapo. "Habari ya asubuhi, mama." "Umelala muzuri, mama?" Sahani aliletewa kwa mikono miwili. Mahindi yakaota, yakapaliliwa, na Fidélie alipaka uso jivu, akavaa suruali ya marehemu mume wake kichwani, akapita mbele ya nyumba ya Angèle akilia kama mbuzi anayezaa. Angèle alitoka mlangoni. "Karibu, mama," alisema. "Unatafuta kitu?" Siku nyingine Fidélie alimwambia: "Mbuzi wee, ndevu zako zimefika kifuani." Angèle akajibu: "Ndiyo, mama." Fidélie akarudi kwake akakaa kitandani. Kuitwa mchawi kungemuuma mara moja. Heshima hii ilimuuma kila akisalimiwa.

Alianza kwenda kanisani siku za kazi, jambo lililomshtua padri. Hakuomba asamehewe, aliona ni kumwomba Mungu kitu ambacho si chake. Aliomba atukanwe.

Mahindi yalikuwa yamempita mtu urefu siku Fidélie alipoenda bombani kama kawaida, akaiacha bidoni yake kwenye foleni, akaenda kumsalimia Louise mwenye kibanda cha sabuni. Aliporudi ilikuwa imejazwa na kufungwa. Mtu mwema, aliwaza. Akaiinua kichwani ikiwa imelala ubavu, kama alivyozoea, akashika njia.

Hakufika mbali. Kitu cha baridi kilimgusa shingoni. Kikateremka uti wa mgongo, kikaingia kwenye kitenge, kikatafuta njia hadi kisigino. Akasimama. Maji yakaendelea kumchuruzikia kama mkojo wa mtoto. Akaishusha bidoni, akakitazama kifuniko. Katikati kulikuwa na tundu la msumari, jipya, kingo zake bado nyeupe.

Akageuka. Njia ilikuwa na watu wengi wanaotoka bombani, na kati yao Angèle, bidoni kichwani, uso mkavu, macho mbele. Alimpita bila kusalimia. Bila "mama". Bila kukunja goti. Alipokuwa ameshapita ndipo alipotupa neno nyuma ya bega, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetema ganda:

"Chui amejikojolea."

Fidélie hakucheka. Aliziba mdomo kwa kiganja, akabaki hivyo hadi Angèle alipopotea kwenye kona. Kisha akaipandisha bidoni kichwani vilevile, tundu likitazama nyuma, na akatembea taratibu, maji yakimlowesha njia yote, akiogopa yasije yakaisha kabla hajafika nyumbani.